Aliyezima Pampu

Mama yangu alishika ufunguo wa chumba cha pampu kwa miaka kumi na moja. Aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni, ndani ya blauzi, na hata kanisani alienda nao. Kisima chetu kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni Katangi. Kamati ya maji ilimchagua yeye kwa sababu, kama mwenyekiti alivyosema siku ile, hana haraka na hana maneno mengi. Mimi sikurithi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta ndogo zinazoendesha pampu. Karakana yetu iko Syokimau, orofa ya pili, juu ya duka la matairi. Watu wakisikia kompyuta hufikiria skrini na kibodi, lakini hizi zangu hazina vitu hivyo. Ni bodi ya ukubwa wa kiganja ndani ya boksi la chuma, yenye laini ya simu ili niweze kuifikia nikiwa mbali. Mimi hufanya kazi chini kabisa, kwenye kerneli, yaani ile programu kuu ambayo programu nyingine zote lazima ziiombe ruhusa. Mwaka juzi niliomba ofisini bodi moja ya kisima cha nyumbani, nikaifunga kwa mikono yangu, kisha nikasimama mbele ya kamati nikajipiga kifua. Niliwaambia kuanzia leo pampu itajiwasha na kujizima, na kila kitu kitaandikwa.

"Hakuna mtu atabishana tena," nilisema. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko ninavyopenda.

Miezi michache baadaye pampu ikaanza kuzima mchana. Haikuzima kila siku, na haikuwa na saa maalumu. Inazima, tangi linakauka, na kina mama wanabaki wamekaa juu ya mitungi mitupu. Bodi nayo, kila mara, iliandika maneno yale yale: imezimwa kwa mkono.

Ndani ya chumba cha pampu kuna kitufe chekundu. Fundi akitaka kushika nyaya hukibonyeza kwanza, na pampu ikishazimwa hivyo haijiwashi tena hadi mtu aje aiwashe. Niliipanga hivyo makusudi, isije ikaua mtu. Mlango una kufuli moja, kufuli lina ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mama yangu. Kila pampu ilipozima, yeye ndiye aliyeonekana akitoka chumbani humo, maana yeye ndiye aliyekwenda kuiwasha. Juu ya hayo alikuwa na kijishamba cha sukuma wiki hatua chache kutoka kisimani. Watu walikaa, wakafikiri, wakapata jibu: anafunga maji mchana ili jioni yabaki ya sukuma zake.

Mwenyekiti alinipigia simu, mzee wa adabu, akizunguka maneno.

"Injinia, hapa kuna maneno maneno. Wengine wanataka mama arudishe ufunguo. Mimi nimewaambia tungoje, mashine iko na rekodi. Wewe utuambie mashine imesema nini."

Nilifungua rekodi. Nikampigia mama mchana ule ule. Sikumwamkia hata, nilimuuliza tu: "Mwaitu, ni wewe unabonyeza kile kitufe?" Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba, na hata neno hilo nililitamka kama askari polisi anayeita jina la mshukiwa.

"Hapana," alisema.

"Basi ni nani?"

"Mimi sijui mambo ya hiyo mashine yako." Nikakata simu kwa hasira, kwa sababu rekodi ile niliiandika mwenyewe na nilikuwa naiamini.

Hata hivyo nilitaka kuwa na uhakika. Kwenye kumbukumbu ya bodi kuna nafasi moja ndogo ambayo kwa kawaida huwa na sifuri. Kitufe kikibonyezwa, programu ya kitufe inaandika namba pale. Kila sekunde programu ya pampu inachungulia. Ikikuta chochote kisicho sifuri, inazima na kuandika "kwa mkono". Swali lilikuwa hili: kuna programu nyingine inayoandika mahali pale bila haki?

Kwanza nilitumia njia ya kila fundi mvivu. Nilijaza kerneli maandishi ya kusema nimepita hapa, nimepita pale, kisha nikangoja. Pampu haikuzima hata mara moja. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, kimya. Mtu aliyeanza kazi hii juzi angeniambia kwamba ukiongeza maandishi unahamisha vitu kwenye kumbukumbu, na kosa linaweza kujificha. Mimi nilikuwa na miaka tisa kazini. Nilichosema moyoni ni kwamba mama ameogopa, kwa vile nimemuuliza ameacha.

Nikayaondoa maandishi yale, maana yalikuwa yanajaza kadi ya kuhifadhia rekodi. Siku mbili baadaye pampu ikazima.

Hapo ndipo nilipoamua kutumia askari. Ofisini tunaziita brekipointi, lakini mimi napenda kuziita askari kwa sababu ndiyo kazi yao. Prosesa yenyewe, yaani chipu kuu ya bodi, ina nafasi chache za askari kama hao. Ya bodi yetu ina nne. Unaipa anwani ya sehemu moja ya kumbukumbu na kuiambia: yeyote akiandika hapa, simama, uniambie ni nani. Haibadilishi programu, haihamishi kitu, kwa hiyo mkosaji hashtuki. Kwa kuwa ni nne tu, kerneli inatunza orodha ya nani amechukua ipi, na ukiomba ya tano inakukatalia. Siku hiyo iliniambia zote zimeshikwa. Nilipotazama orodha nikakuta aliyezishika ni mimi, tangu majaribio, na sikuwa nimezirudisha. Nikaziachilia tatu, moja nikaielekeza kwenye ile nafasi ndogo. Kisha nikaongeza agizo nililoliona la busara: ukiona ni programu ya kitufe inayoandika, usinisumbue, hiyo ina haki. Nilitaka kelele kwa mgeni peke yake.

Siku ya soko iliyofuata pampu ilizima saa saba mchana. Askari wangu hakusema kitu.

Kwangu mimi kesi iliisha pale. Kama hakuna mgeni aliyeandika, basi ni kitufe, na kama ni kitufe, ni mkono wa mtu, na mwenye ufunguo ni mmoja. Niliandika ripoti ya nusu ukurasa. Nilikaa nayo nusu siku, nikiwa na uchungu kweli kweli, nikijiambia kwamba haki haina mama wala binamu. Kisha nikamtumia mwenyekiti.

Sikwenda kwenye mkutano. Nilisingizia kazi. Nilisikia baadaye kwamba mama alisikiliza hadi mwisho, akavua ile kamba ya kiatu kupitia kichwani, na kitambaa chake cha kichwa kikang'ang'ania, ikabidi akifungue mbele ya watu wote. Akaweka ufunguo mezani, akajifunga kitambaa tena, akaenda nyumbani. Jirani mmoja, mama mwenye sauti kubwa na roho nzuri, ndiye aliyepewa zamu.

Ufunguo ulikaa kwake siku tisa kabla hajanipigia simu. Alikuwa matangani Kithimani, nyuma yake watu wanaimba.

"Wewe, Injinia! Nimepigiwa simu eti maji imezima. Mimi niko matanga tangu asubuhi. Ufunguo niko nayo hapa kwa kibeti. Kufuli imefungwa. Sasa ni mimi nimezima na roho?"

Nilifungua rekodi. Imezimwa kwa mkono. Askari, kimya.

Nilikaa nikiitazama skrini hadi mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa Mlolongo ambaye hajawahi kuzungumza na mimi bila mzaha, akauliza, "Niaje, madam, mbona umeganda?" Nikamweleza. Alisikiliza akila njugu.

"Hiyo bodi ya huko kwenu iko na kore ngapi?"

"Mbili."

"Na soja umeweka kwa ngapi?"

Nikafungua mipangilio yangu, nikaona: moja. Bodi za zamani, ambazo ndizo nilizojifunzia, zina kore moja, yaani kichwa kimoja cha kufikiri. Hii mpya ina viwili, na kila kore ina askari wake wanne. Askari wa kore ya kwanza haoni kabisa kinachoandikwa na kore ya pili. Mimi nilikuwa nimeweka mmoja tu, upande mmoja, kisha nikachukua kimya chake nikakifanya ushahidi.

"Madam, hiyo imeenda," alisema, yaani ushahidi wangu wote umeharibika, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Niliweka askari pande zote mbili. Nikafuta lile agizo langu la busara, kila anayeandika atajwe, awe na haki au asiwe nayo. Kisha nikangoja siku ya soko.

Saa saba na dakika kumi kore ya pili ilisimama, ikanipa anwani. Niliifuata hadi kwenye mstari wenyewe. Haikuwa programu ya kitufe. Ilikuwa programu inayopima presha ya bomba, na mwandishi wake ni mimi. Kila saa hupima mara sita, na kila birika la kunyweshea ng'ombe pale kisimani likifunguliwa maji presha hushuka ghafla, nayo hupima mara moja ya ziada. Nilikuwa nimeipa nafasi nane za kuwekea vipimo: sita za kawaida na mbili za dharura. Sikuwahi kufikiria kwamba birika lingefunguliwa mara tatu ndani ya saa moja. Lakini siku za soko wafanyabiashara wa mifugo hupitisha makundi hapo, moja baada ya jingine. Likifika kundi la tatu, kipimo cha tisa kinakosa pa kukaa, kinamwagikia nafasi inayofuata. Nafasi inayofuata ilikuwa ile ya kitufe.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Niliona aibu hata ya udogo wa kosa lenyewe.

Mkutano wa pili nilihudhuria. Nilisema bila kuzunguka: pampu imekuwa ikizimwa na kosa langu, ripoti niliyowatumia ilikuwa ya uongo ingawa sikujua ni ya uongo, na mama yangu hakugusa kitu. Mzee mmoja aliuliza kama mashine inaweza kupelekwa kortini, watu wakacheka, na kicheko hicho kilinisaidia kupumua. Mwenyekiti aliinuka akampelekea mama ufunguo pale alipokaa. Aliupokea kwa mikono miwili, akauvaa, akaurudisha ndani ya blauzi. Aliniangalia kidogo, kisha akamuuliza jirani yake kuhusu bei ya mbegu za pojo.

Nyumbani alinipa chai kabla hajasema neno. Nilianza kueleza habari za kore na nafasi nane, nikaona nazungumza ili nisinyamaze. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Nimesikia." Kisha akaingia chumbani akatoka na daftari la shule, lile la mraba mraba la hesabu, lililokunjwa katikati.

Alisoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Tangu bodi ilipofungwa alikuwa akiandika kila siku mstari mmoja au miwili kuhusu pampu, kwa sababu, alisema, niliwaambia kila kitu kitaandikwa, naye hakujua ni nani ataandika. Nilifungua popote. *Ng'ombe, mara ya tatu. Imezima. Niko shambani.* Nikafungua kwingine. *Leo ng'ombe mara mbili. Haijazima.* Kwingine tena. *Ng'ombe, mara ya tatu. Imezima saa nane.* Ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto wa darasa la tano angeona. Mimi ningeona kwa dakika moja, nikiwa nimeketi kwenye kiti hicho hicho, na chai mkononi, bila askari hata mmoja.

"Mwaitu, mbona hukunionyesha?"

"Wewe uliniuliza kama ni mimi," alisema. "Hukuniuliza nimeona nini."

Akachukua kikombe changu kwenda kuongeza chai. Nilitafuta ile siku niliyompigia simu, nikaipata. *Ng'ombe, mara ya tatu. Imezima saa saba na robo. Msichana amepiga simu kuuliza kama ni mimi. Nimesema hapana.*

Chini yake zilikuwa zile wiki mbili za maandishi yangu ya kwenye kerneli, wiki ambazo kosa lilijificha. Siku ya kwanza ameandika *haijazima*, siku ya pili *haijazima*, na hivyo hivyo hadi siku ya soko, ambapo kalamu ilikandamizwa zaidi kidogo kuliko kawaida.

*Ng'ombe mara nne. Haijazima. Sasa atafikiri nimeogopa.*