Uzi Mmoja Ambao Sikuusugua

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mjukuu wangu, ilikuwa Alhamisi, mvua za kwanza zimeshaanza, nami nimeketi nje ya nyumba yetu ya udongo kule kambini, upande wa Kasulu, nasugua nyuzi mpya za gitaa la besi kwa mchanga na majivu. Usicheke kwanza. Juzi umenipigia simu kuniuliza kama kwaya yenu inunue nyuzi za kawaida au hizi zenye utando, zinazosemwa kwamba zinadumu, na jibu langu ni refu kidogo.

Tulikuwa tumetoka Burundi, mimi na dada yangu Spesi. Yeye ndiye aliyenilea. Kambini nikaingia kwaya, nikakabidhiwa besi, na kwa kweli nilijiona mtu. Amplifaya yetu ilitumia betri ya gari, spika ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa viatu, lakini Jumapili nikigusa ule uzi mnene, akina mama wa mbele walitikisa vichwa, na mimi kichwa kilivimba.

Mwaka ule Spesi na mumewe walijiandikisha kurudi nyumbani. Mimi sikujiandikisha, kwa sababu kule Kidahwe kulikuwa na binti mmoja wa Kiha ambaye leo ndiye bibi yako, na hayo mengine tuyaache. Spesi aliniomba kitu kimoja tu. Siku ya ibada ya kuwaaga, tuimbe wimbo aliokuwa akiuimba marehemu baba akilima, na besi isikike. Baba alikuwa na sauti nzito. "Besi ikisikika," aliniambia, "nitajua baba naye amekuja kuniaga."

Sasa, nyuzi zetu zilikuwa zimekufa. Hazikukatika, zilikufa tu. Ukigonga, ni kama umegonga debe lenye mchanga. Kwaya ikanituma Ujiji kwa Mzee Hamadi, fundi wa redio, ambaye ujanani alipiga besi katika bendi ya dansi mjini Kigoma mpaka vidole vikakakamaa. Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikapanda lori mpaka Kidahwe, nikadandia gari jingine mpaka Ujiji, na kikapu cha maharage magotini, zawadi ya kwaya.

Mzee Hamadi alinipokea vizuri. Akatandika kitambaa mezani, akaweka seti mbili. Moja iling'aa kama bangili. Nyingine ilikuwa imefifia kidogo, na ukiipapasa inateleza.

"Chukua hizi zilizofifia," akasema. "Mwanangu alizileta alipotoka safari. Zimevikwa utando mwembamba, jasho haliingii, unyevu hauingii. Huko kwenu mvua inanyesha miezi mizima, hizo zinazong'aa hazitafika mbali. Umewahi kuzitumia?"

"Nazijua, Mzee. Kwetu tulikuwa nazo."

Uongo mtupu. Lakini ungeishi kambini ungenielewa. Kule, kila mtu kwao alikuwa na kila kitu. Jirani yetu mmoja alikuwa ameacha magari mawili, ingawa siku lori la maji lilipokwama aliombwa akae kwenye usukani tu, akawa hajui breki iko wapi. Tulikuwa tumepoteza vingi vya kweli, basi tukaongeza na vya uongo. Mimi sikutaka mzee wa Ujiji anione mkimbizi asiyejua kitu.

"Alaa," akasema. "Vizuri. Hata hivyo zina namna yake. Kaa, chai iko jikoni, nikueleze."

Nikamwambia kibali changu kinaisha jioni. Hilo lilikuwa kweli, ila muda wa kikombe kimoja ulikuwepo.

Nikarudi nazo. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipokutana na desturi ya kambi. Tulipofika, kila familia ilipewa sufuria mpya, nazo zilikuwa na grisi ya kiwandani. Ukipika bila kuisugua, maharage yote yananuka gereji. Kwa hiyo ikawa sheria kwetu kwamba kitu kipya cha chuma kinasuguliwa kwa mchanga na majivu kabla hakijatumika. Masufuria tulisugua, majembe tulisugua. Nilipopapasa nyuzi zile na kuona zinateleza, nikajiambia, ahaa, grisi. Na neno "utando" alilolisema Mzee? Lilipita tu. Mtu anayejifanya anajua hasikii vizuri.

Nikaanza na uzi mwembamba. Utando ukatoka kwa maganda madogo kama ya kitunguu, na chini yake chuma kikang'aa. Nilifurahi kweli. Nikamaliza wa pili, nikamaliza wa tatu. Spesi alikuwa anapakua.

"Sha," akaniita kwa Kirundi, kama mtu anavyomwita mdogo wake, "mzee alikwambia uzisugue?"

"Mambo ya muziki haya, dada."

"Haya. Ila ugali unapoa. Njoo ule."

Kulikuwa na migebuka siku hiyo, wale samaki wa ziwani, na migebuka haikuwa ya kila siku. Nikaacha. Baada ya kula nikashiba, uvivu ukaniingia, ule uzi wa nne, ule mnene, nikaufunga hivyo hivyo ulivyo. Nilikuwa nauonea aibu, maana wenzake watatu waling'aa na wenyewe umekaa tu kama maskini.

Wiki mbili za kwanza nyuzi zililia vizuri ajabu. Lakini safari ya akina Spesi ikaahirishwa kwa sababu ya barabara, ikaahirishwa tena, na mvua hazikukatika. Kanisa letu lilikuwa la maturubai, gitaa lilikuwa na unyevu asubuhi na jioni. Mchanga nao ulikuwa umejificha ndani ya mizunguko ya chuma, unakula taratibu. Ilipotangazwa kwamba malori yanaondoka wiki hiyo, nyuzi tatu zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mbili zilikatika mazoezini, wa tatu ukabaki unakoroma. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilimtazama dada yangu anafunga mizigo, anaimba ule wimbo chini chini, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyovuka mpaka.

Nikakimbilia Ujiji tena, safari hii gitaa mgongoni na sina hata maharage.

Mzee Hamadi alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya ile kutu.

"Melkiori, nyuzi hizi umezifanya nini?"

"Nilizisugua, Mzee. Nilidhani ni grisi ya kiwandani."

"Si ulisema kwenu mlikuwa nazo?"

Redio moja mezani ilikuwa inatangaza taarifa ya habari, akaizima ili anisikie.

"Hatukuwa nazo," nikasema.

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mimi sina hasira ya nyuzi," akasema. "Nina hasira kwamba uliniogopa. Babu yangu naye alifika hapa Ujiji akiwa mgeni, hajui hata kusuka wavu, akaulizia mpaka akajua. Kufukuzwa kwenu si aibu yako. Kutojua nako si aibu. Siku ile chai ilikuwa jikoni, mwanangu. Ungekunywa kikombe kimoja ukaniambia hujui, leo ungekuwa na nyuzi nne."

Machozi yalinitoka, nami nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nikamweleza habari ya dada na wimbo wa baba. Akaniambia hana seti nyingine, hata zile za kung'aa zilikwishachukuliwa. Kisha akagusa ule uzi mnene. Ukalia. Ukalia mzito, safi, kana kwamba umefungwa jana.

"Na huu je?" akauliza.

"Huu sikuusugua. Dada aliniita kula."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akafuta miwani, akasema, "Basi mshukuru mpishi. Kaa chini. Leo utakunywa chai." Mchana kutwa akanifundisha kuupiga wimbo wote kwa uzi ule mmoja, mkono unapanda na kushuka shingo nzima ya gitaa. Vidole vyake havikuweza kubonyeza tena, kwa hiyo alinionyesha kwa kuimba, nami nafuata.

Siku ya kuaga, turubai lilijaa mpaka watu wakasimama mvuani. Nilipoanza, Spesi alifumba macho. Hakuimba, alisikiliza tu mpaka mwisho, mkono wa mumewe ameubana. Baadaye akanifuata penye malori.

"Baba amekuja," akasema. "Lakini wewe mbona mkono ulikuwa unakimbia huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo? Nilidhani unaringa."

Nikamwambia ukweli wote, wa Ujiji, wa mchanga, wa nyuzi tatu. Akaanza kucheka huku analia.

"Sha," akasema, "kumbe ni ugali wangu."

Akapanda lori. Ni mzima mpaka leo, ana wajukuu, na kila akinipigia simu huanza kwa kuniuliza kama nimekula.

Sasa jibu lako. Chukueni zile zenye utando. Kanisa lenu liko karibu na ziwa, na vijana wako wanashika gitaa mikono ikiwa bado na mafuta ya mawese. Usizichukie kwa kuwa hazing'ai. Zikae siku chache utaizoea sauti yake. Mkimaliza kupiga, zipanguseni kwa kitambaa kikavu, basi. Msizipake kitu, msizikwangue. Lakini hayo hata muuzaji angekwambia. La kwangu ni hili: utakapoingia dukani na ukaulizwa kama unazijua, sema huzijui. Sema hivyo hata mbele ya vijana unaowafundisha. Kisha kaa, na wakikupa chai, inywe yote. Mimi nilijifanya najua, na kidogo dada yangu aondoke bila kumsikia baba.

Ule uzi mnene ninao, nimeukunja ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Ukija nitakuonyesha.

Mungu aipe mikono yako wepesi, aupe moyo wako utulivu wa kuuliza, na asikukoseshe katika maisha yako mtu wa kukuita ukale kabla hujaumaliza ujinga wako.