Lori Lisilo na Ufunguo

Nikinusa mazuti, yaani dizeli, mahali popote, kwenye kituo cha mafuta au kwenye koti la fundi, mabega yangu hujikaza yenyewe, tayari kusukuma. Msinicheke. Mnanijua mimi ni mtu wa kiburi, na leo nataka kuwaambia nilikitoa wapi. Nilikitoa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, nikiwa na miaka tisa, mwaka ule tulipoambiwa kwamba sisi si watu wa pale.

Tulikuwa watu wa Kasai, jimbo la mbali. Yaani mimi nilizaliwa Kolwezi, Papa, baba yangu, alizaliwa Kolwezi, na Kasai yenyewe niliijua tu kwa namna Kaku, mama yake Papa, alivyopika mboga zake na kusali kwa Kiluba cha Kasai. Kaku aliingia mjini akiwa bibi harusi, zamani zile wanaume walipoandikwa kazi ya shaba, na sehemu kubwa ya safari aliitembea kwa miguu. Sasa miguu hiyo ilikuwa imekufa ganzi. Alishinda mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, akiwasalimia wapita njia kwa majina, na asiyeitikia alimsalimia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

Mgodi ulikuwa unaanguka, mishahara imekauka, na badala ya kuuliza nani amekula mali, vijana walifundishwa kutuimbia sisi tuondoke. Familia nyingi zilikwenda stesheni kungoja treni. Treni haikuja. Watu walilala pale juma baada ya juma chini ya maturubai, na watoto wakaanza kufa kwa kuhara. Mama alikwenda siku moja kumpelekea dada yake unga. Aliporudi alinawa mikono mara tatu, kisha akamwambia Papa kwamba Kaku akipelekwa stesheni hatatoka huko akiwa hai.

"Mama yangu hatalala chini pale," Papa alisema. Papa alikuwa fundi wa magari makubwa ya machimbo yaitwayo Mashamba, mtu mpole kupita kiasi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kuongeza neno la kukilainisha.

Ndiyo maana alinunua lori, kamyo kama tulivyoliita. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka akapanda ndege, akamwachia karani wake kazi ya kuuza vilivyobaki. Karani aliuza lori, lakini ufunguo ulikuwa umesafiri mfukoni mwa tajiri wake. Halikuwa na betri pia, wala mlango wa upande wa dereva. Papa alitoa pikipiki yake na redio yetu, akalichukua hivyo hivyo. Trakta ya parokia ililivuta mpaka mbele ya nyumba, ikarudi zake. Papa akavunja kufuli la usukani kwa nyundo na patasi, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama kupitia mapazia.

"Hii moteur ya zamani haina lazima na ufunguo," alitueleza, akiigonga injini. "Magurudumu ikizunguka, itawaka. Shida ni kuisukuma tu mpaka kwenye mutelemuko."

Mteremko ulianza hatua kama arobaini kutoka kwetu, ukashuka moja kwa moja hadi sokoni. Katikati yake vijana walikuwa wameweka kizuizi, gogo la mti juu ya mapipa mawili, kumsimamisha kila anayeondoka. Walitupa muda mpaka Jumamosi, jua la utosi, tuwe tumeondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mji wa migodi anajua kwamba gari lililokufa husukumwa kwanza likiwa tupu, likishawaka ndipo linapakiwa. Sisi watoto tulijua. Nadhani hata mbuzi wa jirani walijua. Lakini Jumamosi asubuhi Papa aliamuru lori lipakiwe pale pale lilipo. Tukapandisha vitanda, magodoro, magunia ya unga, kabati, kuku kwenye tenga, na kinu cha Mama, kile kikubwa cha kutwangia muhogo. Kinu hicho kilikuwa na michi miwili: mmoja ulikaa kwetu na mwingine ulikaa kwa Mama Chinyama, jirani yetu, kwa sababu wao wawili walizoea kutwanga pamoja kwa zamu, pigo lake, pigo langu. Kwa majuma matatu Mama alikuwa ametwanga peke yake. Mama Chinyama na mumewe, aliyekuwa akikaa benchi moja na Papa kwenye basi la kazini kila alfajiri, hawakutusalimia tena. Mtoto wao Jeannot alikuwa miongoni mwa wale wa kizuizini.

Mwisho alipandishwa Kaku. Kaka zangu watatu walimbeba na kumkalisha kwenye kiti cha mbele, na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Papa akashika usukani kupitia pale palipokosa mlango, Mama na kaka zangu wakaenda nyuma, mimi katikati yao. Tukasukuma. Lori halikutikisika. Tukasukuma tena mpaka macho yakatutoka. Kule kizuizini vijana walianza kupiga miluzi na kucheka, na mmoja akauliza kama Wakasai wanataka kusukuma mpaka Noeli.

Mama alimwomba Kaku ashuke kidogo, tupunguze uzito.

"Mi niliingia huku na miguu," Kaku alisema bila kugeuza kichwa. "Nitatoka nimekaa."

Hapo Papa akaanza kushusha vitu. Godoro, kabati, tenga la kuku, kimoja kimoja, akavipanga kando ya barabara, mbele ya milango ya majirani, taratibu kabisa, na jua linapanda. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nililia kwa hasira, nikampigia kelele baba yangu mbele ya watu wote: "Papa, haujue kazi! Batoto banajua, weye haujue!" Kaka yangu mkubwa aliinua mkono anizabe kofi. Papa alimzuia. Alinitazama, akatabasamu, akarudi kushusha magunia.

Mlango wa kina Chinyama ukafunguka. Tata Chinyama, yule mume, alitoka na singileti yake, akavuka barabara, akasimama mbele ya kabati letu kama dakika nzima.

"Weye fundi gani?" akamwambia Papa. "Kamyo inasukumwa kwanza, kisha banapakia."

"Nilisahabu," Papa akajibu.

"Ulisahabu!" Tata Chinyama alitema mate chini, akaenda nyuma ya lori, akaweka bega lake karibu na langu. Alinukia sabuni. Mkewe akaja. Akaja mwalimu wa shule ya Jumapili, akaja mzee wa nyumba ya pembeni ambaye sikuwahi kumwona akisukuma hata baiskeli, wakaja wanawake wawili wa kwaya na kanga zao wamezikaza kiunoni. Hakuna aliyetuomba msamaha, na hakuna aliyetutazama usoni. Papa akaruka ndani, na lori likaondoka.

Likashika mteremko. Papa alikuwa hana ufunguo wa kuwasha na hana nia ya kusimama, na kizuizi kilikuwa mbele. "Jeannot!" Tata Chinyama alipaza sauti iliyosikika mpaka sokoni. "Toa ile muti!" Jeannot aliwatazama wenzake. Akamtazama baba yake anayekimbia nyuma ya lori letu. Kisha akainamia gogo na kulisukuma kando, sekunde chache tu kabla moteur haijakohoa, ikapiga kelele na kuwafunika vijana wote kwa moshi mweusi. Kaku alipita katikati yao ameketi, mgongo wima, akiwasalimia kwa majina.

Lori lilisimama sokoni likinguruma, Papa asithubutu kulizima. Na vitu vyetu vikateremka vichwani mwa majirani. Nakumbuka kabati likitembea kwa miguu minne ya binadamu, na Mama Chinyama nyuma kabisa, amejitwika kinu. Mikononi alishika michi yote miwili. Walipita kizuizini mmoja mmoja na hakuna kijana aliyefungua mdomo.

Safari ya Kasai kupitia Kapanga sitaisimulia yote. Kila jioni Papa alitafuta mahali penye mteremko, maana bila mteremko asubuhi hakuna safari. Karibu na Musumba nchi ilikuwa tambarare, tukasukumwa na watu waliotoka shambani na majembe yao, ambao walituuliza tu kama tumekula. Kaku alifika Kasai ameketi. Aliishi misimu miwili ya mvua zaidi, akilalamika kwamba watu wa huko hawajui kusalimia.

Kwa miaka mingi hadithi ya lori ilikuwa silaha yangu. Kila Papa aliponikosoa, nilimkumbusha fundi aliyepakia kabla ya kusukuma, na meza nzima ilicheka, yeye akiwa wa kwanza. Niliirudia hata kwenye matanga yake, kabla hatujamzika, ili watu wapate kucheka kidogo. Mama hakucheka. Alinivuta kando, akaniketisha chini.

"Ngalula, papa yako alitengeneza makamyo miaka makumi mbili. Unazani hakujua?"

Akanishika mkono.

"Asubuhi ile nilimwambia tusukume kwanza. Ikiwa bure, bila vitu, siye na bakaka yako tungeweza. Akakatala. Akasema: tukienda vile, tutatoka kama bezi ba usiku, na bale bantu batabakia bamefunga milango. Nataka bachague, na mi naona."

"Na kama hakuna mtu angetoka?"

"Nilimuuliza vile vile. Akasema: tutashusha, tutasukuma siye benyewe, tutapakia tena. Lakini tutajua."

Papa alikuwa na saa chache tu kabla ya jua la utosi, mama yake mzazi yuko kwenye kiti cha mbele, vijana wanapiga miluzi, na binti yake anamwita mjinga mbele ya mtaa. Akaendelea kushusha magunia na kungoja. Nilimwomba msamaha siku ile, amelala ndani ya sanduku, na ninaona uchungu kwamba nilichelewa.

Basi mtu akiniuliza leo mimi ni wa wapi, na huniuliza kwa sauti ile ile ya zamani, namjibu kwamba mimi ni wa Kolwezi. Asiponiamini, aende kwenye mtaa wetu akawaulize. Waliweka mabega yao karibu na langu.