Umbea wa Saa Nne

Nawaona wasichana wa siku hizi ofisini, simu mkononi, wanacheka peke yao na bosi anawatolea macho. Wanadhani wameanza wao!

Sisi miaka ya tisini, pale Mbaraki, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, tulikuwa na simu moja tu, ya kuzungusha. Umbea wetu ulikuwa wa saa nne, chai ikishaletwa. Twawapigia mashoga wa ofisi nyingine: nani kaposwa, nani kagombana na wifi yake Liwatoni. Tukishacheka, kazi ilikwenda yenyewe. Nazililia siku zile, wallahi.

Mwaka mmoja shoga yangu, tuliyekaa meza moja, alifiwa na mumewe. Akaingia eda, miezi minne na zaidi ndani ya nyumba yake ya Mji wa Kale, hatoki. Matanga yalipoisha, ndugu zake wakarudi kwao Lamu.

"Shoga, nitaingia wazimu humu," akaniambia.

Basi saa nne ikawa yake. Twampigia, twapokezana mkono wa simu, naye anacheka huku analia.

Tajiri wetu, Muhindi mmoja mwenye hasira za karibu, akatukuta. "Hii ofisi, si baraza!" Kesho yake simu imetiwa kufuli, haizunguki.

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwasha. Mwenzetu yuko eda, peke yake, aingoja sauti yetu! Lakini ujanja tulikuwa nao: wagonga kile kitufe cha kukatia simu, mara tatu kwa nambari tatu, mara tano kwa tano. Tajiri alipotoka kwenda bandarini, nikagonga. Nambari za mtaa mmoja zilifanana, na mwishoni kidole kikazidisha pigo moja.

"Nani?" Sauti ya bibi mtu mzima. Nikaomba radhi, nimekosea.

"Ngoja! Wewe si yule wa ofisini kwa mwanangu? Kila nikipiga waniambia ametoka."

Lo! Mamake tajiri. Na hayo ya kutoka, mwanawe mwenyewe ndiye aliyetuamuru tuyaseme.

"Ulikuwa wamtafuta nani?"

Nikaropoka yote: kufuli, eda, shoga yangu.

"Nipe nambari yake," akasema. "Eda yangu mimi ilikwisha zamani, na bado sina wa kuzungumza naye."

Toka siku ile yeye ndiye aliyempigia kila asubuhi. Waligombana juu ya bizari ya pilau, wakapatana, wakagombana tena. Jioni nikenda kumtazama shoga yangu, maneno yote ni "mama kasema, mama kasema." Amenawiri, hata chakula anakula. Wivu ulinishika, sikatai, lakini nilimshukuru Mungu.

Eda ikaisha, akarudi kazini. Asubuhi hiyo hiyo simu ikalia, tajiri akaiwahi mwenyewe. Miezi ile yote mamake hakupiga tena ofisini; uso ukamlainika.

"Mama! Vipi, mzima?"

Akasikiliza. Kisha akamtazama shoga yangu, akamnyooshea mkono wa simu.

"Hanitaki mimi," akasema. "Akutaka wewe."

Shoga yangu akapokea, akamwamkia, na punde wakaanza kucheka. Tajiri hakuondoka. Alisimama pale karibu na meza yetu kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti, akisikiliza nusu ya mazungumzo, mpaka walipokaribia kuagana.

"Mwambie," akasema taratibu, "mwambie namsalimu."