Gemu ya Wenye Pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Kasoli, huko Bariadi, kugombea pamba, Machibya aliona wanaume wazima wanatembea na hela mkononi, hawajui pa kuipeleka. Akauza ng'ombe wake wa kulimia, akaenda Mwanza, akarudi na televisheni, jenereta na mashine ya gemu.

Tajudin, mwenye duka la kanga aliyempangisha chumba, alimwambia mapema, "Hiyo ni ya vijana, bwana. Wafungulie wao."

"Kijana ana nini? Pamba anauza baba yake. Mimi namtaka baba."

"Baba atabonyeza vile vidude kwa vidole vya jembe?"

"Atabonyeza. Wewe uza kanga zako."

Basi siku ya kufungua vijana walizuiwa mlangoni. Mbele walikalishwa wazee wenye mashamba, na kati yao Mzee Ngeleja. Huyu ndiye aliyekuwa anamwoza binti yake Elizabeth kwa Bundala, mdogo wake Machibya. Ng'ombe wa mahari walishafika kwa mzee, ilibaki harusi tu. Machibya alimlea Bundala tangu baba yao afariki, na harusi ile aliiwaza kuliko hata biashara.

Gemu ilikuwa ya ngumi. Mzee Ngeleja akashika kidude chake, lakini wenzake wote waliona haya kucheza. Chumba kikapoa. Machibya akaita, "Bundala, kaa hapo ucheze na mzee."

Bundala akasita. Kwetu mkwe hata mkeka mmoja hakai na baba mkwe. "Kaka, huyu ni baba."

"Ni gemu tu. Kaa."

Akakaa. Wiki nzima alikuwa akiijaribu mashine ile, na vidole vikamkimbia. Mtu wake kwenye televisheni akamwangusha mtu wa mzee, kisha, kama mashine ilivyotengenezwa, mshindi akamkanyaga mwenzake kifuani na kuinua mikono juu.

"Mzee kakanyagwa na mkwewe," mtu akasema nyuma. "Kumbe mahari inalipwa kwa mateke."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Ngeleja akaweka kidude chini taratibu, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga.

Asubuhi ng'ombe wote wa mahari walikuwa wamesimama uani kwa Machibya. Akaenda na beberu kwa mzee kuomba radhi. Mzee alimpa kiti, akampa na uji.

"Sina hasira na wewe," akamwambia. "Ila kila nikimwona yule kijana nitauona ule mguu."

Elizabeth akaolewa na mtu wa kijiji cha Kimali. Bundala hakumlaumu kaka yake kwa neno lolote. Alifunga nguo zake, akaenda machimbo ya Geita.

Wazee hawakurudi tena chumbani. Machibya akawafungulia vijana, pakajaa mpaka wengine wakacheza wamesimama. Tajudin hakumcheka. Alimwona jinsi anavyokaa nje na kuwapa kisogo, makelele ya ushindi yakipanda ndani.

Mama yao alipofariki, tangazo lilipelekwa redioni, na Bundala akaja. Machibya alikuwa amemwekea nafasi pembeni yake, kwenye mkeka wa wafiwa. Bundala akampa mkono, akasema, "Pole, kaka," kama jirani anavyosema, kisha akaenda kukaa na majirani. Walipomaliza kufukia, kabla chakula hakijapakuliwa, alikuwa ameshaondoka.