Nilijichua Uso Kama Mguu wa Mgonjwa

Mtu akiungua uso kwa mafuta ya maandazi hupewa pole, na majirani humletea asali ya kupaka. Mie uso uliniungua kwa sababu nilitaka kupunguza makunyanzi, tena siku ya kutolewa eda, mbele ya mama mkwe na wifi na nusu ya Chamazi, sasa pole ya namna hiyo unaiomba kwa nani? Nimekaa nayo kimya. Lakini kwa kuwa nyie ndio mnaoniuliza kila mkija kwa nini mezani kwangu hakuna hata kichupa kimoja cha mafuta ya uso, basi kaeni niwaambie, ila mcheke kwa kiasi, leo nimechoka.

Marehemu mume wangu, Salumu, aliugua kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Kila asubuhi na kila jioni nilimchua mguu na mkono kwa mafuta ya karafuu niliyoyachanganya na ya nazi, nayapasha kwanza kwenye jiko la mkaa, halafu naingiza vifundo vya vidole kwenye nyama mpaka yeye mwenyewe aulize, "Unachua mguu au unakanda ngano?" Ikawa hivyo kwa miaka. Alipofariki nilikaa mbele ya watu na macho makavu. Sio kwamba sikuwa na uchungu (nawaambia kweli, uongo sijawahi kuuweza), nilikuwa nimechoka tu, nimechoka mpaka kwenye mifupa, na kulia nako kunataka nguvu. Mama yake alilia mpaka sauti ikakauka, na wifi yangu Tatu aliyetoka Mbweni aligaragara mpaka ushungi ukamvuka. Mie nilikuwa nauliza kama maji ya wageni yanatosha.

Wifi hakusahau. Kila alipokuja kututazama wakati nimekaa eda, alikuwa ananikagua uso kabla hajanisalimia, kama mtu anayetazama kama sufuria imechemka. Siku moja nikamsikia uani anamwambia mama yake, "Mama, kwangu Mbweni chumba kipo, njoo ukae na mie. Huyu macho yake makavu kama jiwe la kunolea kisu, hata chozi la kusingizia hana! Mjukuu hapa huna. Kilichokuwa kinakuweka nyumba hii tumeshakizika."

Mama akamjibu, "Ngoja atoke eda. Siku hiyo nitasema."

Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Mungu hakutujalia watoto mie na Salumu, na mama yangu mzazi alishatangulia zamani. Mama mkwe ndiye mtu niliyebaki naye duniani, tunakunywa chai pamoja, tunagombania redio (yeye anataka mawaidha, mie nataka taarifa ya habari). Akienda Mbweni, mie nabaki na kuta.

Sasa siku yenyewe. Eda ilikuwa imekwisha jana yake magharibi, na wanawake walikuwa waje asubuhi kunitoa, waniogeshe, wanivishe nguo mpya, wanifukize udi, tule pilau. Kwetu mjane akiwa ndani kioo hugeuzwa ukutani, basi asubuhi ile baada ya kuswali nikakigeuza kwa mara ya kwanza, nikamwona mtu simjui. Mashavu yameshuka, paji la uso lina mistari kama khanga iliyoanikwa bila kukung'utwa, na katikati ya nyusi mikunjo miwili imesimama inatazamana kama watu waliogombana. Nikasema, Mwanaidi, na uso huu ndio unakwenda kukaa mbele za watu? Sikutaka urembo, Mungu shahidi yangu. Nilitaka tu Mama asinione kama mtu aliyekwisha, akaona heri amfuate mwenye nguvu.

Jirani yangu Mama Shukuru, anayeuza barafu za ubuyu, aliwahi kunionyesha kwenye simu yake video ya mwanamke anayejikanda uso kulainisha makunyanzi. Yule mwanamke alitumia ncha za vidole, polepole, kutoka kidevuni kwenda masikioni, kama anapapasa kitoto cha paka, na mafuta yake tone moja. Nikajiambia, kuchua? Kuchua si ndiyo kazi yangu! Mikono hii imechua mguu wa mtu mzima miaka yote ile, itashindwa na kiuso? Na mafuta ninayo, kile kichupa cha Salumu kilikuwa bado dirishani, kimebaki nusu, kuyamwaga ni dhambi. Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu. Mengine yote yalikuja yenyewe, yameshikana mikia.

Nikawasha jiko, nikayapasha (mazoea), nikamimina kiganjani, nikafumba macho, nikaingia kazini. Ncha za vidole sikuzikumbuka. Nilitumia vifundo. Paji la uso nikalisukuma juu, mashavu nikayakamua, katikati ya nyusi nikaweka kidole gumba nikakizungusha kwa nguvu vile vile nilivyokuwa natafuta mshipa wa ugoko. Mwanzoni lilikuja joto tamu, nikasema kumbe wenzangu wanafaidi. Halafu joto likapanda cheo. Halafu uso ukawaka. Halafu midomo ikafa ganzi (karafuu si ndiyo tunayoweka kwenye jino bovu?) na macho yakaanza kumwaga maji kama bomba lililochomoka mpira.

Nikakimbilia ndoo, nikanawa, ikazidi. Nikasugua kwa sabuni ya kufulia, povu likaingia machoni, sasa ikawa hata sioni. Nikaita kupitia ukuta wa uani, "Mama Shukuru! Barafu!"

"Ya ubuyu au ya ukwaju?"

"Yoyote! Ya kuweka usoni!"

Akaja na barafu mbili mkononi, akanitazama, akashika mdomo. "Makubwa! Nani kakupiga?"

"Nimejipiga mwenyewe. Nilikuwa nakanda makunyanzi."

"Shoga, siku zote hukuziona, ukaichagua leo?" Akanikandamiza barafu moja kila shavu. Nyie mnazijua barafu za ubuyu, rangi yake ikiingia kwenye shati la shule ndiyo imeolewa, na vile vifuko vyake ni vyembamba. Kimoja kikapasukia kwenye jicho la kulia, na katika kuhangaika nacho na cha pili kikapasuka. Nilipopapasa kioo nikaona macho yamebaki nyufa, mashavu yameumuka kama maandazi, na chini ya kila jicho michirizi myekundu inateremka mpaka kidevuni. Ila makunyanzi, kusema haki, yalikuwa yamekwisha kabisa. Ngozi ilikuwa imevutika kama ya ngoma.

"Hii haitoki," Mama Shukuru akasema, anasugua na pindo la khanga. "Ikishakauka, imehamia."

Hapo hapo tukasikia hodi, na sauti ya wifi.

Nikajifunika khanga kichwa kizima, nikaketi kitandani, nimeinama. Wakaingia wanawake, wengi, na chetezo cha udi. Wifi Tatu, kama kawaida yake, akaja moja kwa moja kwenye uso wangu. Akafunua khanga.

"Ya Rabi," akasema. "Wifi yangu. Amelia mpaka macho yametoa damu."

Nilitaka kusema. Lakini midomo imekufa ganzi, nikatoa kitu kama "Hapana, wifi, ni ma...", machozi nayo yakateremka zaidi kwa ukali wa karafuu, na yeye akanivuta kifuani. "Usiseme, wifi, usiseme! Mie nilikudhania vibaya. Kumbe unalilia chumbani peke yako!" Akaanza kulia, na Tatu akilia habaki mtu. Chumba kizima kikaanza. Mama mmoja mnene ambaye simjui mpaka leo (nadhani alifuata pilau) alilia kwa kwikwi huku kanishika goti. Mama Shukuru kasimama mlangoni na vifuko vya ubuyu mkononi, anajua kila kitu, kauma khanga, mabega yanamtikisika, na watu wakadhani na yeye analia.

Wakamwita Mama. Akaja polepole na mkongojo wake, wakampisha. Akainama, akaniwekea uso shingoni, akakaa hapo, anavuta pumzi. Halafu akaanza kulia, lakini si kama wale wengine, alilia kimya, kwa mwili wote. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku ya maziko.

"Mama, umeona?" wifi akasema, anajifuta pua. "Maneno yangu nayafuta. Baki na mkweo, mie sina neno tena."

Basi nikawa nimeshinda. Kile nilichokiogopa eda nzima kimeondoka, na sikutakiwa kufanya kitu, nikae tu kimya na uso wangu uliovimba, Mama anabaki. Nikakaa kimya. Sitawaficha, nilikaa kimya cha kutosha kuonja utamu wake. Lakini Mama alikuwa anatetemeka mikononi mwangu, nikajiuliza kesho kwenye chai nitamtazamaje.

"Mama," nikasema kwa ulimi mzito, "sikulia. Ni mafuta. Nilikuwa nakanda uso nipunguze makunyanzi. Na hii nyekundu ni ubuyu."

Yule mama mnene akaliachia goti langu.

"Makunyanzi?" wifi akasema taratibu. "Eda imekwisha jana, leo unanyoosha uso? Unamnyooshea nani?"

"Simnyooshei mtu, wifi."

"Kaburi la kaka yangu halijaota hata majani! Na mie nimekulilia hapa kama mjinga!"

Mlangoni ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Mama Shukuru alikuwa ameshindwa. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, wawili watatu wakamfuata, mmoja anauliza, "Ubuyu? Kasema ubuyu?", na mie nikajifunika khanga tena ingawa hapakuwa na cha kuficha.

"Tatu, nyamaza," Mama akasema. Hakupandisha sauti. Alinishika mikono yote miwili, akaipeleka puani kwake, akanusa viganja. "Mie nilijua ni mafuta tangu nilipoinama. Haya ni mafuta ya Salumu."

Mlangoni Mama Shukuru akajifuta macho, akainuka kizingitini.

"Asubuhi na jioni nilikuwa nayasikia chumbani kwangu, yanapita ukutani, najua mwanangu anachuliwa, yupo. Tangu tumzike, nyumba hii haijanukia. Leo nimeinama hapa nikaisikia harufu ya mwanangu, ndipo nikalia. Sikulilia macho ya Mwanaidi." Akamgeukia wifi. "Wewe unamkagua usoni. Miaka yote ile nani alikuwa anamgeuza kaka yako kitandani? Machozi ya huyu yaliishia kwenye ule mguu. Mwache uso wake, hata akitaka kuupaka rangi ya nyumba."

Wifi akatazama chini, akaanza kukunja na kukunjua pindo la baibui lake. Akasema, "Sasa karafuu usoni, wifi, hukusikia inaunguza?"

"Nilisikia. Nilidhani ndiyo inafanya kazi."

Akacheka kwa pua, kidogo, bila kutaka.

Najua mnangoja niseme kwamba hapo ndipo na mie nikalia. Siwezi kuwaapia. Macho yalikuwa yanatoka maji tangu asubuhi, kama yalichanganyika na mengine, sikuyatenganisha.

Wakaniogesha (uso hakuna aliyethubutu kuugusa), wakanivisha, wakanitoa. Pilau tukala, picha tukapigwa, na kwenye kila picha niko katikati, nguo mpya, macho nyufa, michirizi mpaka kidevuni, kama kuku aliyeponyoka kisu. Wifi anazo zote kwenye simu.

Wageni walipokuwa wanaaga, Mama alisema kile alichoahidi kukisema. "Mbweni nitakuja kutembea, Tatu. Nguo zangu zitabaki hapa hapa." Kisha akanigeukia mie, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza kuhusu chumvi. "Yale mafuta, yamebaki?"

"Kidogo, Mama."

"Basi jioni unichue magoti. Ila vidole, Mwanaidi. Vifundo umeviona kazi yake."

Uvimbe ulipoisha makunyanzi yalirudi yote, hata yale mawili ya katikati ya nyusi, bado hayajapatana. Anayetaka kukanda uso nyumbani akande, sina ugomvi naye, apake tone la mafuta ya nazi na asiwe na haraka, lakini mie nimeapa, huu uso sitauchua tena mpaka waje kuuosha wengine. Kichupa cha Salumu kimeshakwisha, nimetengeneza kingine, kinakaa pale pale dirishani. Jioni Mama akishanyoosha miguu yake mkekani, nayapasha, namimina kiganjani, na kabla sijaanza nageuza uso pembeni.