Wafo kwenye Kamba ya Nguo

Jirani yangu hapa Nyeri hupika wafo za Kifaransa, ile mikate myepesi yenye vishimo. Hupiga ute wa mayai mpaka uumuke povu jeupe. Wafo ya kwanza huivunja karibu na sikio lake. Isipolia kama kijiti kikavu, ni ya kutupiwa kuku. Zingine huzibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, ati kwa sahani zinatoa jasho na kulainika. Jumapili manyunyu yalipoanza, wapangaji wa ploti nzima tulikimbia kuanua nguo. Yeye aliipita suti ya mumewe ya kanisani, akarudi amekumbatia wafo.

“Na suti yangu?” mzee akauliza mlangoni, amevaa vesti.

“Hiyo si itakauka? Hii ikishika maji imekwisha.”

Mzee alipofungua mdomo agombe, mkewe akamvunjia wafo moja sikioni.

“Umeskia?”

Mzee akanyoosha mkono apewe.