Msusi Aliyeacha Kichwa Nusu

Mwalimu mkuu alivuka barabara mchana kweupe akiwa amesukwa nusu kichwa. Upande wa kulia mistari ilikuwa imelala vizuri, myembamba kama ya daftari jipya. Upande wa kushoto nywele zilisimama wima zikitazama kila mtu. Taulo la saluni alilojifunika lilikuwa dogo, na wanafunzi wake waliokuwa wakirudi nyumbani walikuwa wengi. Walimwamkia kwa heshima zote, wakamsubiri apinde kona, ndipo wakacheka mpaka wakakaa chini.

Aliyemwacha katika hali ile alikuwa msusi wa saluni iliyobanwa kati ya duka la nyaya za umeme na banda la kinyozi. Mtaa mzima ulimjua kwa vidole vyake. Alisuka huku anaangalia mlangoni, anapiga soga, anaitikia salamu za wapita njia, na mstari haupindi. Lakini siku hizo alikuwa karibu hafumbi macho. Alipaka kuta za saluni rangi ya zambarau, akaona haikumpendeza, akarudia kwa kijani kabla zambarau haijakauka. Alinunua nywele za bandia za kusuka mji mzima. Aliongea kwa kasi hadi wateja wakawa wanajibu swali lililopita huku yeye yuko kwenye linalofuata. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi ya kuosha na kufumua nywele, aliyaona hayo akaogopa. Wateja wao walifurahi. "Dada yako siku hizi amechangamka kweli!" walimwambia.

Ndipo mwalimu mkuu, mtu aliyezoea kuamuru, aliposema kutoka kitini, "Kaza kidogo. Siyo hivyo, utaninyofoa! Mbona sasa umelegeza?"

Hasira haikupanda polepole. Ilikuja yote kwa mpigo, kama umeme unaporudi ghafla na redio iliachwa sauti ya juu. Msusi alirusha kitana, kitana kikapiga kioo, kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Akamweleza mwalimu mkuu habari za kichwa chake, za kilichomo ndani yake, na za matokeo ya mitihani ya shule yake. Kisha akatoka, akatembea tu, aproni ikiwa bado shingoni. Miguu ilipochoka alikaa juu ya rundo la matofali ya watu akalia, akijiuliza ni nani aliyekuwa akisema kwa mdomo wake.

Kabla hajarudi, mtaa ulikwisha kumpima na kutoa majibu. Kinyozi alisema ni presha, maana shemeji yake alikuwa hivyohivyo akaacha chumvi. Muuza vitunguu alisema ni kijicho cha wasusi wenzake. Shangazi mtu, aliyepigiwa simu, alisema aolewe. Alipokumbushwa kwamba aliolewa na akaachika, akasema basi ndiyo sababu yenyewe. Mwenye duka la nyaya hakutaka kuingilia mambo ya watu, ila kwa uzoefu wake hiyo ilikuwa shoti.

Mdogo wake hakubishana na yeyote. Alimshika dada yake mkono wakaenda hospitali, wakakaa kwenye benchi la kliniki ya magonjwa ya akili, msusi akiwa amejifunika kanga hadi puani asionekane. Baada ya dakika chache aligundua kuwa mama aliyekaa pembeni yake, naye kajifunika hadi puani, ni mteja wake. Walisalimiana kwa macho.

Daktari alimuuliza kuhusu usingizi, kuhusu manunuzi, kuhusu wiki zile za mwaka uliopita alizoshindwa kutoka kitandani na kila mtu akaziita uvivu. Kisha akasema, "Una ugonjwa wa hisia. Zinapanda kupita kiasi, halafu zinashuka kupita kiasi, na hizi hasira za ghafla zinakuja nazo. Siyo laana. Utaishi nao, na dawa itakusaidia uishi nao vizuri."

Msusi alilia tena, safari hii kwa nafuu. Kumbe jambo hili lina jina.

Habari ilifika mtaani kabla yake, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wateja waliorudi walirudi na adabu ambayo saluni ile haikuwahi kuiona. Waliketi wima. Hakuna aliyesema kaza, hakuna aliyesema legeza. Mtu aliyeungua sikio kwa maji ya moto alisema ahsante. Watoto waliokuwa wakilia wakisukwa walinyamaza kwa kukonyezwa na mama zao. Kinyozi alipunguza muziki bila kuombwa. Wengine walikuja kwa udadisi, wakasukwa kwa woga na kulipa bila kuomba kupunguziwa.

Msusi alikonda kwa dawa wiki za mwanzo, vidole vikawa vinatetemeka kidogo, lakini heshima ile ilimnenepesha. Akaanza kuionja. Chai ikichelewa anafoka, halafu anasema, "Mnisamehe, mnajua hali yangu." Mteja akichagua mtindo asioupenda, anakunja uso na mteja anachagua mwingine. Na aliyekula sehemu kubwa ya makaripio alikuwa mdogo wake: taulo halikukauka, maji yamepoa, mafuta yamewekwa kushoto badala ya kulia.

Siku moja mdogo wake alikosea kuchanganya rangi ya nywele ikatoka nyekundu badala ya kahawia. Msusi alimvaa mbele ya wateja. Alimwita mzigo, akamwita hasara, akamwambia bila dada yake angekuwa anazurura. Alipoona wateja wameinamisha macho, akamalizia kama kawaida, "Na unajua kabisa mimi ni mgonjwa!"

Mdogo wake aliweka bakuli la rangi chini. "Dada, jana mwenye nyumba alisimama hapo mlangoni akasema saluni yako inanuka. Ukamfutia kiti. Ukamwita mzee wangu. Huo ugonjwa ulikuwa umekwenda wapi?"

Mdogo wake alivua glavu, akaingia banda la jirani, akamwomba kinyozi kazi ya kufagia. Kinyozi, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao, alimpa ufagio palepale na ushauri juu yake.

Kliniki iliyofuata msusi alikwenda akiwa na malalamiko. Alimwambia muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka, kwamba dawa haifanyi kazi, bado anawafokea watu.

"Watu gani?"

"Mdogo wangu."

"Na nani mwingine?"

Msusi akafikiri. "Wateja. Wale wadogo wadogo."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Dada, siku ya kioo ulikuwa hujalala, unapaka ukuta rangi mbili. Ule ulikuwa ugonjwa, nao tunautibu. Huu mwingine naona una akili timamu sana, unajua wa kumfokea na wa kumfutia kiti. Dawa ya huo hatuna hapa."

"Sasa mimi nitajuaje huu ni upi?"

"Mara nyingine hutajua. Mimi pia huwa sijui hasira zangu zinatoka wapi, na sina ugonjwa wowote," alisema muuguzi, kisha akageuka akamfokea mtu aliyekuwa akisukuma foleni, akageuka tena. "Ukisikia taya limekaza, weka chini ulichoshika, sema natoka, utoke. Utajua ukiwa nje. Na usingizi ukianza kupotea, usingoje kioo cha pili. Njoo."

Kuhusu vidole, daktari alimpunguzia dawa kidogo na kumpima damu, maana msusi alikuwa amefikiria kuiacha kabisa. Mtetemo ulipungua, ingawa haukuisha. Mistari yake ilirudi kunyooka, ila sasa ilimbidi aiangalie.

Kwa mdogo wake alikwenda siku hiyohiyo ya kliniki. Alimkuta akifagia nywele za wanaume, kinyozi akimnyoa mzee mmoja, wote masikio wazi.

"Nimekuja kuomba radhi," msusi alisema. "Ya kioo ilikuwa ugonjwa. Ya rangi ya nywele ilikuwa mimi."

"Na mzigo?"

"Mimi."

"Na hasara?"

"Mimi. Yote ya siku ile ni mimi."

Mdogo wake alifagia mpaka ukutani. "Nitarudi Jumatatu. Ukifoka nitatoka, na sitarudi kukuuliza hali yako." Kinyozi alitaka kuongeza neno kuhusu chumvi, mzee aliyekuwa akinyolewa akamwomba amalize ndevu kwanza.

Mwalimu mkuu naye alirudi. Msusi alimwomba msamaha akiwa amesimama, na mwalimu mkuu akaupokea akiwa ameketi, kama anavyoupokea wa wanafunzi. "Nilikwenda kwa mwingine," alisema. "Alinisuka kwa adabu sana. Zimefumuka zote." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi nafoka tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Wenzangu wanaita nidhamu." Akageuza kichwa. "Kaza kidogo. Siyo hivyo!"

Taya la msusi lilikaza. Aliweka kitana chini, akasema, "Natoka," akaenda kusimama nyuma, kando ya tangi la maji. Aliporudi, mwalimu mkuu alikuwa palepale, nusu kichwa, akisoma gazeti la zamani. Mtaa ulizoea. Mtu akipita na kumwona msusi amesimama kwenye tangi, anajua saluni kuna kichwa kinasubiri. Zipo siku hakuwahi kufika tangini, maneno yakatangulia, na siku hizo aliomba radhi bila kuutaja ugonjwa, labda uwe ni wenyewe.

Mvua zilipoanza paa lilivuja juu ya kiti cha wateja. Msusi alimpigia mwenye nyumba, akampigia tena, na alipopita kuchukua kodi akamwambia waziwazi kwamba imetosha, wateja wanasukwa huku wanalowa. Hakupiga kelele, lakini hakumfutia kiti. Mwenye nyumba alirudi nyuma hatua, akamgeukia mdogo mtu kwa sauti ya huruma: "Dada yako amemeza dawa leo?"

"Nimemeza, mzee," msusi akajibu mwenyewe. "Paa bado linavuja."

Fundi aliletwa. Aligonga asubuhi nzima, akaziba tundu la juu ya kiti, akatoboa jingine juu ya masinki, akakunja vifaa vyake. Mdogo mtu alimsimamisha mlangoni, akamfokea mpaka wateja wa kinyozi wakatoka na mapovu usoni kutazama. Fundi alirudisha ngazi ukutani akapanda tena. Mtaa ulisema binti yule ana msimamo, na hakuna aliyeulizia dawa. Msusi alisogeza beseni chini ya tundu jipya, akamwita mteja aliyefuata.